Gari la farasi la Waamishi kwenye reli ya mfano: rangi, taa na mahali pa kuliweka

Gari la kwanza la farasi nililoliweka kwenye meza yangu ya reli lilikaa miezi mitatu bila mtu kulisemea neno. Lilikuwa jeusi tii, dereva wake ana ndevu hadi kifuani, na nililisimamisha nje ya ghala la nafaka la kijiji cha Bird-in-Hand. Kisha akaja jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapahapa Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Akainama, akalitazama, akaniuliza: “Huyu amekuja na gari lake kutoka Ohio?”

Nilidhani ananitania, kumbe anauliza kweli. Waamishi wa Lancaster hupanda magari ya kijivu. Gari jeusi hapa ni la Wamennonite wa mila ya kale, na wanaume wao hunyoa ndevu. Mimi nilichukua gari la hawa, nikampandisha mtu wa wale. Nilikuwa nimeunda mtu asiyekuwepo duniani, nikampa na farasi.

Tangu siku ile sizioni tena gari hizi kuwa pambo la kujazia nafasi kando ya reli. Kitu chenye urefu wa kidole humwambia mtazamaji yuko kaunti gani, mwaka gani, hata siku gani ya juma. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kwanza ujue unaunda nini, gundi baadaye.

Kwa asiyewafahamu: Waamishi ni Wakristo waliojitenga na Wamennonite wenzao huko Uswisi na Alsace mwaka 1693, wakimfuata Jakob Ammann, kisha wakahamia Pennsylvania katika karne ya 18. Ndugu zao Wamennonite si wageni kwetu. Misheni ya Shirati, mkoani Mara, ilianzishwa mwaka 1934 na watu waliotoka Lancaster hiihii. Waamishi hawamiliki motokaa wala hawaziendeshi, ila treni wanapanda. Nenda stesheni ya Lancaster siku yoyote, utawakuta na mabegi yao wakisubiri treni ya Amtrak kama abiria wengine. Kwa hiyo gari la farasi lililoegeshwa penye stesheni halina kosa lolote.

1. Chagua mahali na mwaka

Usinunue kitu kabla ya kujibu maswali mawili: reli yako iko wapi, na ni mwaka gani?

Kwa Lancaster, kibanda cha gari ni cha kijivu. Kwa Kaunti ya Holmes, Ohio, na sehemu kubwa ya Indiana, ni cheusi. Ukienda Bonde la Kishacoquillas, katikati ya Pennsylvania, utakuta makundi matatu ya Waamishi katika bonde moja, na kila kundi lina rangi yake ya paa: jeupe, la manjano na jeusi. Bonde hilo ni zawadi kwa mpenda rangi, lakini itabidi uwe tayari kumweleza kila mgeni kwamba hukubahatisha.

Mwaka nao una mitego yake. Pembetatu ya rangi ya chungwa inayobandikwa nyuma ya gari, ile ya kuwaonya madereva kwamba mbele kuna chombo kinachokwenda polepole, ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Pennsylvania Railroad iliacha kutumia injini za mvuke mwaka 1957. Kwa hiyo ukiweka injini ya mvuke ya kampuni hiyo ikivuta mizigo, na kando yake gari lenye pembetatu na taa za umeme, umechanganya vizazi viwili. Kwa miaka ya 1940 weka taa ya mafuta iliyoning'inizwa ubavuni, basi. Na kumbuka njia kuu ya Lancaster ilikuwa na nyaya za umeme juu yake hadi Harrisburg tangu 1938, kwa hiyo injini za umeme za aina ya GG1 zilipita katikati ya mashamba ya watu wasiotumia umeme wa gridi. Hiyo ni picha moja nzuri sana ya kuunda.

Kama huna reli unayoipenda hasa, nakushauri Strasburg Rail Road. Hati yake ya kuanzishwa ni ya mwaka 1832, imebeba watalii tangu 1959, na njia yake kutoka Strasburg hadi Leaman Place, pale Paradise, ni ya kilomita 7 hivi, mashamba ya Waamishi yakiwa pande zote mbili. Injini yao namba 90, iliyoundwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1924, ilifika hapo mwaka 1967 na inavuta mabehewa mpaka leo. Hapo ndipo unapoweza kuwa na mvuke, pembetatu na taa za betri pamoja bila kudanganya mtu. Usiogope udogo wa njia yenyewe: kwa skeli ya HO, yaani kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko halisi, kilomita hizo 7 bado ni zaidi ya mita 80, kwa hiyo kufupisha utafupisha tu.

2. Pima farasi kabla ya gari

Farasi ndiye anayeharibu kazi za wengi. Farasi wengi wanaouzwa kwa ajili ya reli za mfano ni wale wa kazi nzito, wenye vifua vipana na miguu yenye manyoya. Hao ni wa shambani. Gari la Waamishi huvutwa na farasi mwembamba wa aina ya Standardbred, mara nyingi aliyestaafu kwenye mbio za magari ya farasi. Ni wa kahawia, na singa na mkia vyeusi. Mabegani ana kimo cha mita moja na nusu na kidogo. Katika HO (1:87) huyo ni milimita 18, katika N (1:160) milimita 10, katika O (1:48) milimita 33 hivi. Chukua rula uende nayo dukani. Preiser ya Ujerumani huuza farasi na watu wa HO ambao hawajapakwa rangi, na ni rahisi kupata humo farasi anayetembea mwenye umbo la kufaa.

Gurudumu halisi lina kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo tafuta la milimita 12 au 13 kwa HO na 7 kwa N. Likiwa dogo kuliko hapo, gari litafanana na mkokoteni wa punda. Sisi tuliokulia kwenye mikokoteni tunajua tofauti: mkokoteni uko chini, umekaa kwenye ekseli moja na mpira wa gari bovu, gari hili liko juu, lina magurudumu manne membamba yenye spoki, ya nyuma makubwa kidogo kuliko ya mbele.

3. Kuunganisha

Utakuta vifurushi vya vipande vya kuunganisha: vya plastiki, vya resini iliyochapwa kwa printa ya 3D, na vya shaba nyembamba iliyochongwa kwa tindikali. Resini ina kibanda kizuri na spoki nene kama vijiti vya meno. Shaba ina spoki nzuri na kibanda cha kukutoa jasho. Mimi huchukua kibanda cha resini na magurudumu ya shaba.

Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uviache vikauke usiku kucha. Kata magurudumu kwa wembe mpya, gurudumu likiwa limelazwa juu ya kioo. Usilivunje kwa vidole. Spoki ikikatika usiigundishe. Geuza gurudumu, upande wenye jeraha uwe ndani. (Mbili zikikatika, hilo ni gurudumu la gari bovu la kuegesha nyuma ya karakana, na karakana ya fundi magari ni jengo linalopendeza sana kwenye meza.)

Mikono miwili inayomshika farasi ubavuni itengeneze kwa waya wa shaba wa milimita 0.4 au 0.5. Ya plastiki huwa minene, na hukatika siku ya kwanza mtoto anapogusa. Ipinde kidogo kuelekea nje penye mbavu za farasi, kisha ndani tena mbele ya kifua. Usimgundishe farasi sasa. Toboa ukwato mmoja, ingiza kipande kifupi cha waya huohuo kiwe msumari wa kumsimamisha barabarani, halafu mweke pembeni. Gari na farasi vipakwe rangi mbalimbali, vikutane mwishoni.

Hatamu ni za mwisho kabisa. Tumia uzi mwembamba wa lastiki, kwa sababu ukiguswa unavutika na kurudi. Uzi wa pamba una vinyweleo vinavyoonekana kama kamba ya katani.

4. Rangi

Anza na praima ya kijivu. Kwa kibanda cha Lancaster changanya nyeupe, nyeusi na tone dogo la buluu, rangi isiyong'aa. Ukiona kijivu chako kinafanana na cha manowari, ongeza nyeupe. Kitu kilichofanywa kidogo kinahitaji rangi nyepesi kuliko chenyewe, la sivyo kikiwekwa mita moja kutoka kwenye jicho kinageuka doa. Magurudumu na chuma cha chini viwe vyeusi vilivyopunguzwa makali kwa kijivu kidogo. Ukingo wa gurudumu la Lancaster ni wa chuma, hakuna mpira, kwa hiyo pitisha penseli ya kawaida kwenye ukingo huo. Inatoa mng'ao wa chuma kilicholika kuliko rangi yoyote ya fedha.

Uchafu uwe kidogo. Wenyewe huosha magari yao, hasa Jumamosi. Vumbi jepesi chini ya kibanda na kwenye spoki latosha.

Dereva sasa. Mwanamume aliyeoa ana ndevu na hana sharubu, asiyeoa amenyoa. Kofia ni ya majani makavu wakati wa joto, nyeusi wakati wa baridi, na miti yako ikiwa na majani ya kijani usimpe kofia nyeusi siku ya kazi. Shati ni la rangi moja. Wanawake huvaa gauni la rangi moja pia, zambarau, buluu au kijani, bila maua wala mistari, na kofia nyeupe ya kitambaa, au nyeusi kubwa juu yake wakiwa safarini.

Nyuso mimi siziwekei macho. Kwanza katika HO jicho halionekani, na ukilipaka mtu anatoka amekodoa. Pili, Waamishi wenyewe hawapendi kupigwa picha za uso, kwa sababu ya amri ya kutojifanyia sanamu, na wanasesere wao wengi wa kitambaa hawana uso. Inanipendeza sanamu zangu zifuate hilo. Na ukitaka picha za kuigizia, piga gari lililoegeshwa bila mtu, mbele ya duka. Usimvizie mama na watoto wake kichakani ukiwa na kamera.

5. Pembetatu na taa

Pembetatu halisi ina kitako cha sentimita 40 hivi. Katika HO hiyo ni chini kidogo ya milimita 5, katika N milimita mbili na nusu. Ncha moja iko juu. Katikati ni chungwa la kuwaka, ukingo ni mwekundu uliokoza. Usijaribu kuipaka moja kwa moja kwenye gari. Paka kipande cha karatasi laini rangi nyekundu, ikate pembetatu. Paka kingine chungwa, ikate ndogo zaidi. Bandika hii juu ya ile. Karatasi ikiharibika umepoteza dakika tano, kibanda kikiharibika umepoteza juma.

Waamishi wa Swartzentruber, kundi lililo kali kuliko mengi, wanaikataa pembetatu hiyo kwa kuwa wanaiona ya kujionyesha. Wao hutumia utepe wa kijivu unaoakisi mwanga, na taa ya mafuta. Ukiwaunda hao, usiwape rangi ya chungwa popote.

Magari ya Lancaster ya siku hizi yana taa za betri mbele na nyuma. Nunua taa ndogo za LED zilizokwisha kulehemiwa nyaya zake nyembamba kama unywele: nyeupe mbili, nyekundu mbili. Kwa umeme wa volti 12 kila taa ipewe rezista yake ya omu 2,200. Hapo inapita miliampea 4 au 5, mwanga hafifu kama unavyotakiwa. Ukipunguza rezista utapata gari la farasi lenye taa za basi la Dar–Mwanza. Pitisha nyaya ndani ya kibanda, zishuke nyuma ya gurudumu la ndani, lile lisiloelekea kwa mtazamaji, kisha kwenye tundu barabarani. Zijaribu kabla ya kufunga paa. Nasema kwa uchungu.

6. Barabara na makutano ya reli

Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo gari likae kulia, gurudumu moja kwenye ukanda wa pembeni wa lami. Sisi wa Afrika Mashariki mkono hutaka kuweka kushoto wenyewe. Nimewahi kuling'oa.

Lami yenyewe iwe na alama. Viatu vya farasi vya chuma huikwangua, ikabaki njia ndefu iliyochakaa. Ivute kwa brashi kavu, rangi nyepesi kidogo kuliko lami, upana wa milimita 8 kwa HO. Kisha kinyesi: vidonge vidogo vya kahawia ya kijani, vitatu vinne kwa pamoja, hapa na pale, vingine vimepondwa na magurudumu. Hakuna mgeni asiyecheka akiviona, na wote waliowahi kufika Lancaster hukubali kwamba viko mahali pake.

Penye makutano ya reli na barabara, kosa la kawaida ni kumsimamisha farasi puani mwa injini. Sheria za Marekani humtaka dereva asimame angalau futi 15 kutoka kwenye reli ya karibu, yaani milimita 52 kwa HO. Mwenye farasi mwenye akili husimama mbali zaidi, kwa maana honi na mvuke humshtua mnyama. Nimemweka wangu sentimita 11 nyuma, kichwa kimeinuliwa, masikio mbele, na nimekaza hatamu. Nafasi ile tupu kati ya pua ya farasi na reli ndiyo inayofanya injini ionekane kubwa na yenye kelele.

7. Likitembea

Wapo wanaotaka gari liende. Mfumo wa Magnorail una mnyororo wa plastiki unaozunguka chini ya barabara ukiwa na sumaku, na gari juu lina sumaku inayofuata. Unafaa kuliko mfumo wa gari lenye betri, kwa kuwa kibanda hakina nafasi ya mota. Tatizo ni miguu ya farasi: haitembei. Chagua farasi anayekanyaga taratibu, si anayekimbia, umwinue nusu milimita juu ya lami akae kwenye mikono ya gari. Mwendo halisi ni kilomita 15 kwa saa hivi, ambao kwa HO ni sentimita 5 kwa sekunde, kwa N ni nusu yake. Utaona ni polepole mno. Uache hivyohivyo. Treni ikilipita gari kwa utulivu huo, mtu hatatazama miguu.

8. Shamba linalolizunguka

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu majengo ni mwongozo mwingine. Nguzo za umeme zipite barabarani, ila waya usiingie kwenye nyumba ya Mwamishi. Mpe kinu cha upepo, maghala marefu ya mviringo ya chakula cha ng'ombe, na shambani nyumbu, maana Lancaster nyumbu hulima sana. Watoto wapewe skuta za kusukuma kwa mguu badala ya baiskeli. Ukianika nguo kwenye kamba ndefu iliyopanda hadi ghalani, tayari umesema leo ni Jumatatu. Basi pasiwe na magari ya ibada kwenye uwanja huohuo.

Jumapili ndiyo siku ninayoipenda. Waamishi hawana majengo ya kanisa. Ibada hufanyika nyumbani kwa mmoja wao, kila baada ya Jumapili mbili, kwa zamu. Magari ishirini au thelathini hupangwa safu uwanjani, farasi wamefunguliwa wako ghalani, mikono ya magari imelala chini kwenye nyasi. Kwa mfukoni ni heri: magari mengi, farasi hakuna. Kando yake egesha gari refu la kijivu lisilo na madirisha, linalobeba mabenchi ya ibada kutoka nyumba hadi nyumba. Shambani siku hiyo asionekane mtu wala nyumbu. Treni za watalii zinapita kama kawaida.

Kwa sababu hiyo magari yangu hayajagundishwa mezani. Chini ya kila gurudumu kuna nta laini kidogo tu, ya kulishika lisianguke treni ikitetemesha ubao. Jumamosi usiku nayahamisha yote, na wiki mbili baadaye yanakwenda shamba jingine. Juzi nimesahau ni zamu ya nani, nikayapeleka kwa yuleyule wa mwanzo. Gari la mabenchi nililikuta bado limeegeshwa upande wa pili wa reli.